Ramani ya Ziwa Nakuru inapokukatalia: dalili, sababu na marekebisho

Ziwa Nakuru ni gumu kuchora, na ugumu wenyewe hautokani na uzembe wa mchoraji. Liko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwenye latitudo 0.37, na mashariki kidogo tu mwa longitudo 36, mstari unaotenganisha ukanda wa 36 na wa 37 wa UTM, mfumo unaogawa dunia katika kanda za digrii sita na kutaja mahali kwa mita. Maji yake yana magadi na mwani. Tangu mwaka 2010 hivi yamepanda hadi yakameza msitu wa migunga, barabara na lango kuu la zamani. Hata hivyo ni eneo linalosimamiwa kwa karibu: hifadhi ya taifa tangu 1968, eneo la Ramsar (ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa) la hekta 18,800 tangu 1990, limezungushiwa ua, na tangu 2011 limo katika Urithi wa Dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huwa hapa kati ya Agosti na Aprili. Mahali watakapolala, mahali gari litapita na mahali maji taka yataelekezwa huamuliwa kwa kutazama ramani, ndiyo maana ramani yenye kasoro hapa si jambo dogo.

Hitilafu zifuatazo ndizo zinazorudi kila msimu kutoka kwa wanafunzi, askari wa wanyamapori na wanaojitolea kuhesabu ndege. Katika kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo inayopatikana mara nyingi zaidi. Nimechukulia kwamba unatumia programu ya kuchorea ramani ya QGIS, lakini mantiki ni ileile katika programu nyingine. Kabla hujagusa chochote, nakili faili zako zote kwenye folda nyingine. Kuna marekebisho ambayo ukiyafanya juu ya faili asilia hutaweza kuyarudisha.

Dalili ya 1: Nukta za GPS zinatua pasipo pake

Tazama kwanza zimetua wapi. Mahali zilipotua panakuambia kosa lenyewe, kwa hiyo usianze kubonyeza menyu ovyo.

*Zimetua karibu na Kismayu, Somalia, au magharibi mwa Uganda.* Umechanganya ukanda. Namba za ukanda wa 36 zikisomwa kama za 37, Nakuru huhamia digrii sita mashariki, nchi kavu nyuma ya Kismayu. Namba za 37 zikisomwa kama za 36, huhamia magharibi hadi jirani na mfereji wa Kazinga. Uchunguzi ni wa sekunde chache: soma namba ya mashariki. Kituo kilicho ziwani kikiwa na takriban 175,000, ni ukanda wa 37. Kikiwa na takriban 843,000, ni wa 36. Ziwa lote liko ndani ya ukanda wa 37, lakini mto Njoro unatoka upande wa Mau, na sehemu ya juu ya bonde lake imo katika ukanda wa 36. Aliyepita mtoni na GPS iliyoachwa ijichagulie ukanda atarudi na orodha yenye namba za aina mbili. Zitenganishe kwanza, kila kundi lipe ukanda wake, kisha zibadilishe zote ziwe mfumo mmoja.

*Zimetua Baringo, kwenye ukingo wa kaskazini wa Bogoria.* Alama ya kutoa imepotea mbele ya latitudo. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu jicho halishtuki. Nukta iko Bonde la Ufa, iko karibu na ziwa la magadi, na hata ndege walioandikwa kando yake ni walewale. Mtu aliyeandika "0.37" badala ya "-0.37" amehamisha heroe (flamingo) wa Nakuru hadi ziwa jingine, na takwimu za maziwa mawili zimeharibika kwa mpigo. Kila orodha ya vituo vya Nakuru, Elementaita au Naivasha ipangwe kwa latitudo kabla ya kutumika. Yoyote isiyo na alama ya kutoa irudishwe kwa aliyeichukua athibitishe.

*Zimetua baharini karibu na pwani ya Algeria.* Latitudo na longitudo zimebadilishana safu. Zirudishe.

*Zimetua karibu na ncha ya kaskazini ya dunia.* Namba ya kaskazini ya kizio cha kusini, takriban 9,959,000, imesomwa kana kwamba ni ya kizio cha kaskazini. Chagua 37S badala ya 37N.

*Ziko karibu sahihi, ila zimesogea mita 300 hivi kaskazini na 90 hivi magharibi.* Huo ni mfumo wa Arc 1960. Ramani za zamani za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo huo, ilhali GPS hutoa namba za mfumo wa WGS 84. Mtu amenakili namba kutoka kwenye karatasi akazitaja kuwa za WGS 84. Zitaje kuwa Arc 1960 (katika programu, msimbo EPSG:21037 kwa ukanda wa 37 kusini), halafu zibadilishe ziwe EPSG:32737, yaani WGS 84 ya ukanda huohuo.

Hapo kuna maneno mawili ambayo ukiyachanganya utaharibu data nzuri. *Kutaja* mfumo ni kuiambia programu namba hizi ni za aina gani, na namba zenyewe hazibadiliki. *Kubadilisha* ni kukokotoa namba mpya. Nukta ikiwa imetajwa vibaya, taja upya. Kubadilisha huja baadaye. Ukibadilisha nukta iliyotajwa vibaya, kosa linaingia ndani ya namba, na anayekuja baada yako hatakuwa na njia ya kuligundua.

Jambo moja zaidi kwa wanaotumia picha za setilaiti za Landsat. Picha zake za eneo hili huja katika UTM 37N hata kwa upande wa kusini mwa ikweta, kwa hiyo utaona namba ya kaskazini kama -41,000. Hiyo si hitilafu. Picha za setilaiti za Sentinel-2 za mahali palepale huja kwa 37S. QGIS itazilaza moja juu ya nyingine vizuri ukiziacha zilivyo. Anayeona namba hasi akaamua "kurekebisha" kwa kutaja 37S huipoteza picha nzima.

Dalili ya 2: Ukingo wa ziwa hauafikiani na ramani nyingine

Mara nyingi zaidi sababu ni kwamba ziwa limehama kweli. Katikati ya miaka ya tisini lilikaribia kukauka. Mwaka 2009 lilikuwa chini ya kilomita 40 za mraba, na kufikia 2020 lilikuwa limepita 60. Ramani mbili zinazotofautiana kwa nusu kilomita upande wa kaskazini zinaweza zote kuwa sahihi, kila moja kwa siku yake. Uliza tarehe kabla hujauliza nani amekosea. Na kama leya (tabaka moja la data kwenye ramani) haina tarehe ya picha iliyochorewa, usiitumie kwa uamuzi wowote, hata ikiwa imepambwa rangi nzuri na kuwekwa nembo tatu.

Sababu ya pili ni msimu. Hata ndani ya mwaka mmoja ukingo husogea, na kwenye kingo tambarare kupanda kidogo kwa kina hufunika tope pana. Tope hilo ndilo mahali kitwitwi wanapokula. Kwa hiyo usilinganishe picha ya Mei na ya Februari ukaita tofauti hiyo mwelekeo wa miaka.

Ya tatu ni tafsiri ya ukingo. Mmoja amechora mwisho wa maji, mwingine mwisho wa tope tupu, wa tatu mwanzo wa nyasi. Ninapendekeza mistari miwili kila mara, wa maji na wa majani, maana eneo lililo katikati yake lina thamani yake kwa ndege na halipaswi kumezwa na upande wowote.

Ya nne, isiyopatikana mara nyingi, ni ule msogeo wa mita 300 wa Arc 1960. Utaujua kwa kutazama vitu visivyohama, kama makutano ya reli, kona ya ua au kilele cha kilima. Navyo vikiwa vimesogea kwa kiasi kilekile na upande uleule, si ziwa lililohama.

Dalili ya 3: Programu inaita maji nchi kavu, au nchi kavu maji

Hapa ndipo ziwa la magadi linapoaibisha mafunzo yaliyoandikwa kwa maziwa ya maji baridi, na inafaa tukae kidogo.

Sababu kuu ni mwani. Kipimo cha kutambua maji kiitwacho NDWI, kilichopendekezwa mwaka 1996, hulinganisha mwanga wa kijani na infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), kwa kuwa maji safi hunyonya infraredi hiyo karibu yote. Lakini maji yaliyojaa mwani, yule yule anayeliwa na heroe mdogo, huirudisha kama majani yanavyoirudisha. Matokeo yake ni kwamba katikati ya ziwa kunatokea "kisiwa cha nyasi". Uchunguzi: fungua picha kwa rangi za kawaida. Ukiona kijani kizito chenye michirizi inayofuata upepo, ni mwani. Tiba: tumia MNDWI, inayoweka infraredi ya mawimbi mafupi mahali pa ile ya karibu. Maji huinyonya hata yakiwa na mwani. Utapoteza kidogo ukali wa picha, kwa sababu kwenye Sentinel-2 bendi hiyo ina pikseli za mita 20 badala ya 10.

Sababu ya pili ni miti iliyozama. Migunga mingi ilikufa imesimama majini, hasa kingo za kaskazini na kusini. Setilaiti inaona matawi, haioni maji yaliyo chini yake, na ziwa linatoka dogo kuliko lilivyo. Kupunguza kizingiti (namba inayotenganisha maji na nchi kavu) ovyo hakusaidii, kwani utaingiza na vivuli. Njia bora ni rada ya setilaiti ya Sentinel-1. Wimbi lake likigonga uso wa maji kisha shina la mti hurudi kwa nguvu, kwa hiyo msitu uliofurika hung'aa kuliko msitu mkavu. Linganisha picha ya msimu wa maji mengi na ya maji machache, na pale palipoongezeka mng'ao upakague kwa macho. Fahamu pia kwamba upepo hukwaruza uso wa maji, nayo rada ikauona kama nchi kavu. Ukiona nusu ya ziwa imepotea kwenye rada siku moja tu, chukua picha ya siku nyingine.

Kinyume chake, nchi kavu inayoitwa maji, ina watuhumiwa hawa kwa mpangilio: tope bichi na ganda la magadi lenye unyevu, kivuli, kisha mapaa ya mabati ya mjini. Tope hutambuliwa kwa kwenda kuliona mahali penyewe, hakuna ujanja mwingine unaotosha. Kivuli kinatambulika kwa upande wake. Picha nyingi hupigwa kabla ya adhuhuri, jua likiwa bado mashariki, kwa hiyo miteremko inayotazama magharibi, kama ya Lion Hill, ndiyo hutiwa giza. Tumia leya ya mteremko na uondoe "maji" yote yaliyo kwenye mteremko mkali, kwa kuwa maji hayalali kwenye mteremko. Mabati ya mji wa Nakuru kata kwa mpaka wa hifadhi, lakini usikate kabla hujahakikisha kwamba maji hayajavuka mpaka huo, maana yalishavuka.

Mabwawa ya kusafishia maji taka nayo hutokea kama maji, na ni maji kweli. Yape leya yake. Ndege huyatumia sana, na kuyahesabu ndani ya ziwa kunapotosha eneo la ziwa na takwimu za ndege pia.

> Simama hapa: Usiingie kukagua ukingo kwa miguu bila askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya). Ndani kuna vifaru, nyati na simba, na tope la ukingoni humeza mguu. Pia usirushe droni kwa kuwa tu picha ya setilaiti ina mawingu. Inahitaji kibali cha KWS na cha mamlaka ya usafiri wa anga (KCAA), na kundi la ndege likishtuliwa kutoka mahali pa kula au kutagia, hasara hailipwi na ramani.

Dalili ya 4: Eneo la ziwa linarukaruka kati ya picha na picha

*Eneo linatoka kama 0.005.* Hizo ni digrii za mraba. Badilisha leya iwe EPSG:32737 kisha pima tena.

*Limepungua ghafla kwenye picha moja.* Fungua leya ya mawingu. Ganda jeupe la magadi hung'aa kiasi kwamba vichujio vya mawingu hulikata pamoja na ukingo wake. Kama siku hiyo anga ilikuwa safi kwa macho, zima kichujio kwenye ukanda wa ukingoni na uchore kwa mkono.

*Limebadilika kwa picha zote za Sentinel-2 kuanzia 2022.* Tangu tarehe 25 Januari 2022 picha hizo huongezewa 1,000 kwenye kila thamani. Chukua pikseli yenye kijani 600 na infraredi 300. NDWI yake ni 0.33. Ikiongezewa, inakuwa 1,600 na 1,300, na jibu linashuka hadi 0.10. Anayetumia kizingiti cha sifuri hataona tofauti, maana ishara ya jibu haigeuki, lakini mwenye kizingiti cha 0.2 atalipoteza ziwa karibu lote. Toa 1,000 kwanza, au kwenye Earth Engine, huduma ya Google ya kuchakata picha mtandaoni, tumia mkusanyo ulioandikwa HARMONIZED. Landsat ya toleo la Collection 2 ina jambo kama hilo: zidisha kwa 0.0000275, kisha toa 0.2.

*Picha ina michirizi mitupu.* Ni Landsat 7 ya baada ya tarehe 31 Mei 2003, kifaa chake kilipoharibika. Takriban asilimia 22 ya kila picha haipo. Usijaze kwa kukisia, tafuta Landsat 5 au 8 ya karibu.

Watu wengi huwalaumu wachoraji kwa kutumia makadirio ya Web Mercator, yaani namna ramani za mtandaoni zinavyolaza uso wa dunia uwe bapa. Ulaya wangekuwa na haki. Hapa, karibu na ikweta namna hii, makadirio hayo hayapotoshi eneo kwa kiasi cha kukushughulisha. Tafuta sababu kwingine.

Dalili ya 5: Visiwa vimejaa maji, au ziwa zima limetoweka

Poligoni, yaani umbo la ziwa, haikufungwa, au mistari yake imejikata. Endesha kikaguzi cha jiometria, kisha *Fix geometries*. Kama ni OpenStreetMap, ramani huria inayohaririwa na yeyote, huenda mtu amehariri kipande kimoja cha ukingo na kukiacha bila kuungana na jirani yake. Tafuta ncha mbili zisizogusana uziunganishe. Usifute relesheni nzima (kifungo kinachounganisha vipande vya ukingo) ukaanza upya, kwa sababu historia ya ukingo itapotea nayo.

Dalili ya 6: Ramani ya mafuriko inaonyesha maji yakipanda kilima

Ramani ya mwinuko ya SRTM ilipimwa Februari 2000. Inahesabu vilele vya miti kama ardhi, na uso wa ziwa la siku hizo umelazwa tambarare, kwa hiyo haikuonyeshi kina. Angalia pia mwinuko wa GPS yako umepimwa kutoka duaradufu ya dunia (umbo lake la kihesabu) au kutoka usawa wa bahari. Tofauti ya hivyo viwili ni mita nyingi, na kupanda kote kwa ziwa tunakokujadili ni kwa mita chache tu. Ukitakiwa kueleza nyumba zipi zitafikiwa na maji, kazi hiyo si ya SRTM. Mwachie mpimaji mwenye vifaa vya kupimia mwinuko.

Dalili ya 7: Idadi ya ndege kwa hekta haina maana

Hesabu kubwa ya ndege wa maji hufanyika Januari, wageni wa kaskazini wakiwapo. Sehemu za kuhesabia zilichorwa zamani kwa kufuata kingo, na baadhi yake sasa ziko chini ya maji. Mhesabuji husimama mahali papya, huandika jina la zamani, na ramani hugawanya ndege wake kwa hekta za sehemu isiyokuwapo. Ichore upya kila sehemu kwa ukingo wa mwezi ule wa hesabu, ipe jina jipya lenye mwaka, na ya zamani usiifute.

Sababu ya pili haimo kwenye ramani. Ziwa likipanda, magadi hupungua nguvu, mwani huadimika, na heroe mdogo huenda Bogoria au kwingine. Mwari hula samaki Nakuru na kuzaa kwenye visiwa vya Elementaita. Ukiona kushuka kwa ghafla, weka takwimu za maziwa yote matatu kwenye ramani moja kabla hujaandika kwamba ndege wamekufa.

> Simama hapa: Ukikuta mizoga mingi ya ndege, usiiguse na usiisogeze ili upige picha. Chukua koodineti ukiwa mbali na uwaarifu KWS mara moja, waje na daktari wa wanyama. Na koodineti za mahali ndege wanapotagia zisiwekwe kwenye ramani ya umma. Onyesha eneo pana tu.

Dalili ya 8: Mpaka wa hifadhi haulingani na ua, au unapita katikati ya shamba la mtu

Angalia Arc 1960 kwanza, kama kawaida. Angalia pia kama mpaka ulinakiliwa kutoka ramani za zamani za mashamba za mfumo wa Cassini, ambazo vipimo vyake ni futi. Na kumbuka ua ulijengwa palipojengeka, kwa hiyo hauwezi kuchukuliwa kuwa ndio mpaka wa kisheria. Ukishakagua hayo matatu na tofauti ikabaki, weka kalamu chini. Usihamishe mstari ulingane na ua, wala usiuhamishe ulingane na picha. Familia zilizopoteza nyumba kwa maji ziko upande wa pili wa mstari huo, na mchoro wako unaweza kupelekwa mbele ya hakimu. Mpaka wa ardhi nchini Kenya hupimwa na mpimaji mwenye leseni chini ya Sheria ya Upimaji. Mpe faili zako, zikiwa na tarehe na mfumo uliotumika kwa kila leya, na kwenye ramani yako andika wazi kwamba mpaka ni wa kukadiria hadi atakapomaliza.